Kwa Hisani ya Nani?

Kama ulikulia Tanzania na nyumbani kwenu kulikuwa na redio, maneno "kwa hisani ya watu wa Marekani" unayasikia masikioni hata yakiwa yameandikwa tu. Yalikuja mwishoni mwa vipindi vya Ukimwi, malaria na uzazi wa mpango, yakisomwa mbio mbio na mtangazaji ambaye akili yake ilikuwa tayari kwenye wimbo unaofuata. Baadaye yakashuka mtaani. Mtu akinunuliwa soda anainua chupa na kusema: kwa hisani ya watu wa Marekani. Mwingine akija na viatu vipya na haijulikani kavitoa wapi, wenzake wanamsomea maneno hayo hayo. Mimi nilikulia Kilosa, na utani huo niliujua kabla sijajua Marekani iko upande gani wa ramani.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo, shirika la USAID lilikuwa limeacha kuendesha misaada hiyo, na kilichobaki kimepelekwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Yaliandikwa mengi kuhusu dawa, ajira na bajeti za hospitali, na yalistahili kuandikwa. Ila mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili, na kilichonikaa kichwani ni yale maneno ya mwisho wa kipindi. Hisani ikikoma, mwenye hisani anaitwaje? Na sisi tuliokuwa upande wa kupokea, kwani muda wote huo tulikuwa tunaitwaje?

Nimezoea kuona uhakiki ukifanywa kwa riwaya na diwani. Hapa nataka kuhakiki vibao, kadi za michango, fomu na hotuba za uzinduzi, kwa sababu huko ndiko Kiswahili kinakoamua kila siku nani ametoa na nani amepewa. Na kinaamua kwa upendeleo mkubwa.

Barabara ya kutoka Kilosa mjini kwenda Mikumi inapita Ulaya. Si utani. Ulaya ni kata ya Wilaya ya Kilosa, na kondakta anaitaja bila kutabasamu: Ulaya, Ulaya, kuna wa kushuka Ulaya? Nimepita njia hiyo mara nyingi nikienda kumsalimia mama mdogo, na kwa kuwa gari huenda polepole, abiria anapata nafasi ya kusoma kila kilichoandikwa kando ya barabara.

Kibao cha mradi kina utaratibu wake, kama shairi la kimapokeo lilivyo na vina na mizani. Juu kabisa jina la mradi. Chini yake Mfadhili, mara nyingi pamoja na nembo ya rangi. Kisha Mkandarasi, Msimamizi, Gharama, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, ambayo aghalabu imeshapita. Ukibahatika utakuta mstari wa mwisho kabisa, ule unaorushiwa tope na magari, umeandikwa: Nguvu za Wananchi.

Tazama ngeli. Mfadhili, mkandarasi na msimamizi wote wako katika ngeli ya watu, hata pale ambapo mfadhili ni benki, mkandarasi ni kampuni na msimamizi ni ofisi. Wananchi, ambao ni watu kwelikweli, wamepangwa nyuma ya neno "nguvu", ambalo linakaa katika ngeli moja na nondo, nguzo na ndoo. Na ukiuliza nguvu hizo ni nini hasa, utaambiwa: kuchimba msingi, kusomba mchanga na mawe, kuchota maji ya ujenzi, kufyatua tofali, na juu ya hayo mchango wa fedha wa kila kaya. Mtu anayeacha shamba lake siku nne za masika ili achimbe msingi wa darasa ametoa kitu ambacho hakirudi, maana masika hayasubiri. Mhandisi anaweza kuzipigia siku hizo hesabu ya shilingi kwenye taarifa yake. Kibaoni zinabaki kuwa nguvu, kama vile zilivuma zenyewe kutoka mlimani.

Sikiliza pia vitenzi vinavyoambatana na majina haya katika magazeti na taarifa za habari. Wahisani *hujitokeza*. Wafadhili *hupatikana*, na siku mbaya *hujitoa*. Wadau *huombwa*. Wananchi *huhimizwa*, na wakichelewa *hukumbushwa*. Sijawahi kusoma kwamba wananchi wa kijiji fulani wamejitokeza kama wahisani wa shule yao. Sentensi hiyo haina kosa lolote la sarufi, lakini mhariri yeyote ataikata.

Neno "mfadhili" limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya ziada na ubora. Mzizi huo ndio uliotupa pia "afadhali". Kwa hiyo mfadhili ni mtu wa ziada anayemmwagia aliyepungukiwa. Kiswahili kikaongeza jambo. Kwetu "fadhila" ni kile alichotoa mtoaji, na wakati huo huo ni kile anachostahili kurudishiwa. Tukisema mtu hana fadhila, tunamaanisha hakushukuru. Tunalipa fadhila. Deni limefungwa ndani ya neno lenyewe kama kokwa ndani ya embe, na asiyelilipa anajua kinachomngoja: masimango.

"Hisani" ni nyepesi zaidi. Mzizi wake ni wa wema na uzuri, na katika mafundisho ya Kiislamu ihsani ni kutenda vyema bila kusubiri malipo ya mtu. Labda ndiyo maana watayarishaji wa vile vipindi vya redio waliichagua, au labda ilikuwa tu njia ya kawaida ya kutaja aliyelipia. Hata hivyo neno hilo halikuzuia utani. Mtaa ulikwisha kujua kwamba kitu kinachotangazwa kila baada ya nusu saa kina mwenyewe.

Nina kipimo changu kidogo, na nakuomba ukijaribu nyumbani. Chukua kitenzi cha kutoa, kiongezee kiambishi cha kutendana, kisha usikilize. Kusaidiana. Kupeana. Kuchangiana. Kukopeshana. Yote yanateleza. Sasa jaribu kufadhiliana. Mzungumzaji atakuelewa lakini atakunja uso. Jaribu kuhisaniana, hapo hata uso hataukunja, atakuuliza umesema nini. Lugha inakataa kwa sababu imezoea kuona fadhila na hisani zikiteremka upande mmoja tu, kama maji ya Mkondoa. Kuchanga kunakwenda na kurudi.

Neno linalonishangaza katika kipimo hiki ni "mdhamini", kwa kuwa linaishi maisha mawili. Mahakamani mdhamini ni mtu anayesimama mbele ya hakimu na kuweka jina lake, pengine na hati ya nyumba yake, ili mwenzake alale nyumbani badala ya mahabusu. Mshitakiwa akitoroka, mdhamini ndiye anayetafutwa. Katika vikundi vya VICOBA wanawake wanadhaminiana: mmoja akishindwa kurejesha, wenzake wanalipa. Hapo neno lina jasho. Halafu unawasha televisheni na kuambiwa kwamba benki fulani ni mdhamini mkuu wa Ligi Kuu, na neno lile lile la mtu aliyehatarisha nyumba yake sasa limevaliwa na taasisi iliyonunua nafasi ya nembo kwenye bega la jezi. Sina ugomvi na udhamini wa mpira; bila huo ligi isingekwenda. Ninachosema ni kwamba heshima ya neno imetoka kwa yule wa mahakamani, na faida yake imekwenda kwa yule wa jezi.

Na sasa mbuzi. Wanaohesabu mifugo katika fasihi simulizi wamewahi kugundua kwamba mnyama huyu amekaa katikati ya msamiati wetu wa kutoa? Kuna methali inayosema afadhali umfadhili mbuzi, maana siku moja utakunywa mchuzi, kuliko binadamu ambaye atakuudhi. Humo mbuzi ni mpokeaji mwema: analipa fadhila kwa nyama yake. Katika lugha ya mitaani ambayo mama zetu wanaikumbuka, mambo yaligeuka. "Buzi" alikuwa mwanamume mwenye fedha anayemgharamia msichana, na kazi ya msichana ilikuwa kumchuna. Mbuzi akawa mtoaji. Siku hizi vijana wanasema danga, na Kenya wanasema sponsa, ila hakuna kati ya hayo lenye ukali wa lile la zamani, ambalo ndani yake kulikuwa na kisu.

Halafu kuna beberu, mbuzi dume. Enzi za kupigania uhuru neno hilo lilimaanisha mkoloni na tajiri wa nje anayenyonya, na mwaka 1967 Azimio la Arusha lilipoonya kwamba kutegemea fedha za nje kungeuhatarisha uhuru wetu, mabeberu walikuwa tayari wanajulikana kwa jina hilo. Kisha wakapotea kidogo. Kwenye hotuba za bajeti walikuwa wafadhili, na baadaye wakapandishwa cheo kuwa "washirika wa maendeleo", wanaoshukuriwa Juni kwa Juni bungeni. Chini ya Rais John Magufuli mabeberu walirudi majukwaani. Inawezekana kabisa kwamba katika mwaka mmoja wa fedha, serikali ile ile ya ng'ambo ilikuwa mshirika katika kitabu cha bajeti, mfadhili kwenye kibao cha zahanati na beberu kwenye mkutano wa hadhara. Wachina walipotujengea reli ya TAZARA kwa mkopo usio na riba kati ya 1970 na 1975, tukaita urafiki. Pale Kidatu, kusini mwa Mikumi, reli hiyo inakutana na tawi lililotoka Kilosa, lenye upana tofauti, kiasi kwamba mabehewa ya urafiki hayawezi kupita kwenye reli ya zamani bila mizigo kupakuliwa. Nimejizuia kuligeuza hilo kuwa sitiari, na naona nimeshindwa.

Mikumi wana neno lao, nalo ni jirani. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na inapakana na vijiji ambavyo watu wake hulima mahindi, mpunga na ufuta. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, halijiiti mfadhili linapojenga darasa au nyumba ya mganga katika vijiji hivyo. Mpango unaitwa Ujirani Mwema. Nalisifu chaguo hilo kwa dhati. Jirani ni neno la usawa, linakwenda na kurudi: leo naomba chumvi kwako, kesho unaomba moto kwangu. Ni neno pekee la kitaasisi ninalolijua ambalo lingefaulu kipimo changu.

Shida ni kwamba jirani huyu ana tembo. Tembo akimaliza ekari mbili za mahindi usiku mmoja, lugha inabadilika ghafla. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 zilitungwa kanuni za mwaka 2011, ambazo zinajulikana kwa majina mawili mazuri mno: kifuta jasho, kwa mazao, na kifuta machozi, kwa aliyejeruhiwa au kwa familia ya aliyeuawa. Kwa viwango vya 2011, ekari moja ya mazao ilikuwa na kifuta jasho cha kati ya shilingi 25,000 na 100,000, kutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Kifo kilifutwa machozi kwa shilingi milioni moja. Viwango vimezungumzwa sana bungeni, na ni haki yake. Mimi nataka tubaki kwenye majina.

Soma tena: kifuta jasho. Ni taswira ya upole, kama leso inayotolewa mfukoni. Ushairi wake ndio unaoficha kazi yake, maana neno lililokuwa linapaswa kukaa hapo ni "fidia". Fidia inadaiwa. Mtu anakwenda mahakamani kudai fidia, anahesabiwa magunia, analeta shahidi. Hakuna anayekwenda mahakamani kudai leso. Jina la Kiingereza la kanuni hizo nalo linazungumzia faraja, si malipo ya hasara, kwa hiyo watafsiri hawakukosea. Walitafsiri vizuri hata wakafanya kitu kisichodaiwa kionekane kama huruma ya jirani. Mkulima aliyepoteza mahindi anaingia ofisini akiwa mwenye haki na kutoka akiwa mpokeaji. Mama mdogo, ambaye anauza chakula kwa madereva wa malori pale barabara kuu ya Iringa na ana shamba dogo la pembeni, aliwahi kunieleza hili kwa maneno machache kuliko yangu: "Jasho lenyewe nilishalifuta kwa kanga, mwanangu. Mimi nataka mahindi."

Kuna pingamizi ambalo nimelisikia kila nilipowasomea wenzangu darasani sehemu za makala haya. Mwenye njaa hajali aliyempa unga anaitwaje. Ni pingamizi zito na nina sababu ya kulichukulia hivyo. Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo na Kilosa ikafurika. Reli ilikatika na maelfu ya watu wakaishi kwenye mahema. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka maturubai yenye nembo, na kwamba miaka kadhaa baadaye maturubai hayo yalikuwa bado yanaezeka majiko na vyoo vya watu, nembo zikitazama juu. Hakuna aliyezisoma. Turubai lilikuwa turubai.

Lakini nakumbuka pia kwamba kabla ya turubai la kwanza kufika, watu walikwisha kulala mahali. Walilala kwa shangazi, kwa mwalimu, kwa mtu waliyesali naye. Nyumba yenye vyumba viwili ilibeba familia tatu. Hao waliowapokea wenzao hawakuwa na nembo, na leo ukiuliza mafuriko yale yalisaidiwa na nani, utatajiwa mashirika. Jina halimshibishi mwenye njaa usiku ule, hilo nakubali. Linaamua nani atakumbukwa asubuhi, nani atakaribishwa kwenye kikao cha kupanga yajayo, na nani ataambiwa akae akishukuru.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mkaa. Kuanzia mwaka 2012, kwa fedha za serikali ya Uswisi, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na mtandao wa MJUMITA walianza Kilosa mradi wa mkaa endelevu. Kwa kifupi: kijiji kinatenga sehemu ya msitu wake, kinaigawa vitalu, miti inakatwa kwa zamu na kuachwa ichipue, na anayetaka kutoa mkaa analipa ushuru kwa kijiji. Fedha hizo zikaenda kwenye madarasa, nyumba za walimu, ofisi za vijiji. Sasa simama mbele ya darasa moja la namna hiyo na ujiulize, nani mfadhili wake? Uswisi ndiyo iliyolipia mafunzo na wataalamu, na haki yake ipewe. Lakini bati lile limenunuliwa kwa ushuru wa magunia. Mfadhili wake ni mchoma mkaa mwenye macho mekundu na mfanyabiashara anayepakia lori, yaani watu wawili ambao Kiswahili cha semina za mazingira kimezoea kuwaita waharibifu. Na nyuma yao kuna mnunuzi wa Dar es Salaam, anayepika maharage Mbagala bila kujua kwamba anamjengea mtu darasa Kilosa. Hana jina kabisa.

Hapo ndipo ninapopata tabu na hotuba za siku hizi. Darasa likizinduliwa, anayeshika kipaza sauti anaanza kwa kushukuru kwamba kiongozi wa juu "ametuletea fedha", kisha kiasi kinatajwa, kisha makofi. Nimesikiliza hotuba za aina hii za vyama na ngazi mbalimbali, na muundo haubadiliki: fedha zina mleta, hazina mtoa. Mlipa kodi hatajwi. Muuza chakula wa Mikumi analipa kodi ndani ya kila vocha ya simu, halafu anaalikwa uwanjani kupiga vigelegele kwa kuletewa. Fedha ya umma imepitishwa kwenye mlango wa fadhila na kutoka upande wa pili ikiwa na deni la shukrani. Tumeiga kibao cha mfadhili wa nje na kukiandika upya kwa ajili yetu wenyewe. Watu wa Marekani wakiondoka, nafasi yao katika sentensi haibaki wazi hata wiki.

Upande wa pili wa maisha yetu tunajua kuandika vizuri zaidi. Angalia orodha ya michango ya harusi au msiba kwenye kundi la WhatsApp. Jina, ahadi, taslimu, baki. Kila mtu ana mstari mmoja, mwenye elfu kumi na mwenye laki tano. Naam, kuna unafiki humo pia. Kuna anayeandika ahadi kubwa ili asomwe na kulipa nusu, na kuna katibu anayepanga majina kwa kufuata ukubwa wa fedha. Uzinduzi wa albamu ya kwaya ni mbaya zaidi: mgeni rasmi anatunisha mfuko kwa kishindo, anapewa cheo cha mlezi wa kwaya, na wanakwaya waliolipia studio kwa kukatwa posho wanabaki kuwa "wanakwaya". Hata hivyo orodha ya michango ina jambo moja ambalo kibao hakina. Aliyechangia leo anajua kwamba yuko siku zijazo ambapo orodha itaandikwa kwa ajili yake, na katibu atakuwa mwingine. Humo ndani wote ni wachangiaji, na hakuna mchangiwa wa kudumu.

Nije kwenye fomu, ambayo ndiyo iliyonianzishia haya yote. Shahada ya kwanza nilisoma kwa mkopo wa serikali. Kwenye makaratasi ya mkopo naitwa "mnufaika", neno tamu kwa mtu atakayekatwa asilimia 15 ya mshahara siku atakapoupata. Shahada ya uzamili haikuwa na mkopo kwangu. Fomu ya kujiunga ilikuwa na nafasi iliyoandikwa Mfadhili, na karani alinielekeza niandike "Binafsi".

Binafsi ni mama yangu, aliyeuza mpunga akiba mwezi ambao bei ilikuwa chini. Ni mama mdogo wa Mikumi, ambaye alituma fedha kwa simu mara sita, kila mara akiongeza ya kutolea. Ni mjomba aliyenidhamini kwenye kikundi cha kukopeshana ambacho mimi si mwanachama wake, na wanakikundi kumi na wawili waliokubali. Ni mwalimu wangu wa sekondari aliyelipia usafiri wa usaili na kunikataza kumwambia mkewe. Kiswahili hakina nomino moja kwa watu hawa. "Msomeshaji" ni yule anayefundisha. Kwa anayelipa tuna kishazi tu: aliyenisomesha. Nimetafuta katika kamusi kadhaa na kuwauliza wazee wawili wa Kilosa, Mkaguru na Msagara, kama lugha zao zina jina. Wote wawili walinijibu kwa kitenzi.

Nilidhani hilo ni pengo. Sasa naliona tofauti kidogo. Jina ni rahisi kuliweka kibaoni. Kitenzi kinataka useme nani alifanya nini, lini, kwa nani. Hakipungui kuwa nembo.

Tasnifu yangu iko tayari kwa mtahini, isipokuwa ukurasa wa shukrani. Rasimu ya kwanza ilifuata mfano wa waliotangulia: ilianza na "wafadhili wangu" na kumalizia na "wengine wote ambao siwezi kuwataja kwa majina". Nimeifuta. Ninayoandika sasa inaanza na mpunga, idadi ya magunia na bei ya mwezi ule. Msimamizi wangu ameisoma na kuniandikia pembeni kwa penseli kwamba ukurasa wa shukrani kwa kawaida hauzidi ukurasa mmoja. Niko ukurasa wa tatu, na wanakikundi sijawafikia.